Nimemtundika Jirani Yangu Ukutani Kama Marehemu

Mpendwa Mama Wakako, naomba msaada wako, na unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana jambo lenyewe ukilisikia kwa kifupi utacheka, na mimi wiki tatu sasa sijacheka.

Mimi ni Mdenmaki, nina miaka thelathini na tisa, nafanya kazi kwenye mitambo ya upepo iliyosimikwa baharini hapa Noshiro, nilikuja Japani kwa mkataba wa miaka miwili na huu ni mwaka wa tano, sina mke wala mtoto, na gazeti lenu nalisoma kila Jumatano kamusi ikiwa pembeni, kwa hiyo kama nimekosa adabu mahali fulani ujue si kwa kukusudia, ingawa kutokukusudia ndiko kulikoniponza. Mwaka wa kwanza nilikuwa namtumia mama yangu picha za theluji kwa simu ili aamini kwamba inafika kweli dirishani, akawa anauliza mbona hamna watu, nikaanza kuwapiga watu picha kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha nikanunua kamera kuukuu ya filamu kwenye duka la mitumba, na leo hii kabati langu la kuwekea magodoro limekuwa chumba cha giza, magodoro yamehamia jikoni, na nguo zangu zote zinanuka dawa za kusafishia picha. Sisemi kwamba mimi ni fundi. Nasema tu kwamba katika mji huu nilikuwa mpweke mpaka nilipopata sababu ya kuwatazama watu usoni.

Mtu niliyemtazama kuliko wote ni jirani yangu, ambaye nitamwita Mzee Hatakeyama ingawa si jina lake. Ana miaka themanini na tatu, alikuwa seremala, na ndiye aliyenifundisha kuondoa theluji juu ya paa bila kuanguka nayo, ndiye aliyekuwa akiniletea mkononi ule ubao wa matangazo ya mtaa unaopitishwa nyumba hadi nyumba, na badala ya kuniachia na kuondoka alikuwa anakaa, tunakunywa chai, ananisomea tangazo la siku ya taka za chupa kana kwamba ni hotuba ya waziri. Sebuleni kwake kuna madhabahu ndogo ya mkewe, Mama Fusa, aliyefariki mwaka mmoja kabla sijahamia, na picha iliyowekwa pale, nisamehe kusema, ni mbaya kuliko zote nilizowahi kuona, imekuzwa kutoka kwenye kipicha kidogo mpaka uso umekuwa ukungu, na upande wa kulia kumebaki kipande cha bega la mtu mwingine aliyekatwa, na kila nikichoma udi pale mikono inaniwasha kutaka kuitengeneza lakini sijawahi kusema neno.

Mwezi wa kumi Mzee alikuwa kwenye kibanda chake cha kukaushia figili kwa moshi, akaniita nione, nikaingia na kamera, nikajigonga kichwa kwenye boriti, naye akacheka mpaka akashika mbavu, na hapo hapo nikampiga picha: taulo kichwani, macho yanatoka machozi ya moshi, mdomo wazi, pengo kubwa mbele. Mama Wakako, ni picha bora kuliko zote nilizopiga maishani. Niliisafisha mwenyewe kabatini, nyeusi na nyeupe, kubwa, uso mtupu, na mwenyekiti wa ukumbi wetu wa mtaa aliponiambia kuna nafasi kwenye maonyesho ya Siku ya Utamaduni nikaona huu ndio wakati wangu wa kuwaonyesha majirani jinsi ninavyowaona.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kwetu picha ya heshima huwekwa kwenye fremu nyeusi, basi nikanunua fremu nyeusi. Ukumbini hawaruhusu misumari, kuna kulabu tu kule juu, basi nikanunua utepe mweusi wa vidole viwili ili ufanane na fremu, nikafunga ncha moja kona hii na nyingine kona ile, nikautundika, ukashuka pande zote mbili kama paa la nyumba. Nafasi niliyopewa ilikuwa nyuma ya meza ya chama cha maua, na chama cha maua mwaka huu walikuwa wameleta kiku, yale maua ya krisanthemamu, meupe, makubwa kama vichwa vya watoto, yamejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Nikasogea nyuma, nikaangalia, nikaona imependeza. Mlinzi wa ukumbi akaja, akaangalia, akavuta hewa kwa meno, akaniuliza kama nimeridhika na mpangilio, nikamwambia nimeridhika sana.

Ilikaa siku mbili. Watu walikuwa wanaingia wakizungumza na wakifika pale wananyamaza, nami nikidhani ndiyo sanaa hiyo. Siku ya pili mchana akaja Bibi Kudo, ambaye alisoma darasa moja na Mzee, macho yake hayaoni vizuri, akasimama mbele ya maua, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa na kuanza kulia taratibu, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeguswa, natafuta leso ya kumpa, na wakati huo huo mlangoni akaingia Mzee Hatakeyama mwenyewe kwa miguu yake.

Bibi Kudo aligeuka, akamkazia macho kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe upo?"

"Nipo," Mzee akajibu. "Ila naona nimetangulia kufika."

Mzee akasogea, akajitazama ukutani, mikono nyuma, kwa dakika nyingi, halafu akasema bila kugeuka, "Ningejua, ningevaa meno." Akainama kidogo kwa maua au kwa picha, sijui, akatoka nje.

Jumatatu nilimwonyesha picha ya maonyesho mwenzangu wa kazini, Narumi, tukiwa tunakula, naye akaweka vijiti chini na kuniuliza huyu mzee amefariki lini. Ndipo akanieleza kwamba hapa fremu nyeusi na utepe mweusi na kiku nyeupe kwa pamoja ni picha ya marehemu siku ya mazishi yake. Miaka mitano nimekaa hapa, nimehudhuria mazishi mawili, na nilikuwa nimeviona vyote vile, ila sikuwa nimeviona.

Tangu hapo Mzee hajakanyaga kwangu. Ubao wa matangazo anauacha getini. Nakiri kwamba nami namkwepa, jioni nikisikia hatua zake nazima redio na kukaa kimya mpaka zipite, kwa sababu sijui nianze na neno gani. Kila mwaka wakati huu huniletea figili mbili za moshi zimefungwa kwenye gazeti, mwaka huu hazikuja. Na sasa kumeongezeka jambo linaloninyima raha kabisa: tangu wiki iliyopita, kila asubuhi saa moja kasoro dakika ishirini nikitoka kwenda kazini, namkuta amesimama mbele ya geti lake amevaa suti nyeusi na tai nyeupe, nywele zimepakwa mafuta, amenyooka, ananitazama. Namwinamia, ananiinamia, naingia kwenye gari, na kwenye kioo namwona anarudi ndani. Mtu wa miaka themanini na tatu anavaa suti kila asubuhi kwa ajili ya nini, kama si kunikumbusha kwamba nimemzika? Au anajiandaa kwenda ofisi ya mji kunishtaki na kila siku anaghairi?

Kamera nimeifunga kwenye boksi. Nimeshaongea na dalali, kuna chumba mjini Akita, anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ninachokuuliza ni hiki: nihame kimya kimya nimwachie Mzee amani yake, au kuna namna yoyote ya kumwomba msamaha mtu uliyemfanya marehemu mbele ya mtaa mzima? Nisingependa kuhama. Theluji ya kwanza ilianguka jana na nilimwona kwa dirisha akifagia njia yake, akafagia mpaka mpakani mwa yangu, akasimama, kisha akaingia ndani. Nililia, Mama Wakako, na mimi si mtu wa kulia. Tafadhali usichapishe jina langu.

Mwenye Kamera, Noshiro

*

MAMA WAKAKO ANAJIBU

Mwenye Kamera, jina lako sijalichapisha, lakini umeandika Mdenmaki, mitambo ya baharini, Noshiro, kamera, na mzee seremala anayekausha figili. Mtaa mzima umeshajua ni wewe kabla hawajafika aya ya pili. Tuliweke hilo kando, litatufaa mbele.

Kwanza ulikosea, na sitakupaka mafuta. Sizungumzii fremu. Fremu ni ujinga, na ujinga unasameheka. Kosa lako ni kwamba ulichukua uso wa mtu, pengo lake na machozi yake, ukauweka hadharani bila kumwuliza, "Mzee, naomba kuionyesha hii." Ungemwuliza, angekuuliza utaiweka kwenye nini, na mambo yangeishia kwenye chai. Unasema unapenda kuwatazama watu usoni. Kuwatazama bila kuwauliza kitu hata dirisha linaweza.

Lakini huyo mlinzi wa ukumbi naye nataka nimfikie. Aliona, akavuta hewa kwa meno, akarudi kwenye kiti chake. Na mwenyekiti, na chama cha maua, na watu wote walionyamaza wakidhani labda kwao Denmaki ndivyo walivyo. Siku mbili nzima mtaa mmoja unamwangalia mtu hai akiwa amevikwa utepe wa msiba, na adabu yao haikuruhusu kumsogelea mgeni na kumnong'oneza. Hiyo mimi siiti adabu, naiita uvivu, na nina hakika nao wanasoma hapa.

Sasa tuje kwa Mzee. Barua yako nimeisoma mara tatu, kijana wangu, na nakwambia umepiga picha nzuri kwa maneno lakini hujaitazama. Umeniandikia kila kitu ninachohitaji, halafu ukakaa juu yake unalia.

Tai ni nyeupe. Umeiandika mwenyewe. Miaka mitano hapa na hujui kwamba tai ya msiba ni nyeusi? Nyeupe tunavaa harusini, tunavaa siku ambayo mtu anataka aonekane amependeza. Mzee angetaka kukukumbusha kwamba umemzika, angevaa nyeusi, anayo, kila mtu wa umri wetu anayo na inachakaa kwa kutumika. Umezoea mno kupiga picha zisizo na rangi.

Na meno. Alijitazama dakika nyingi, akasema angejua angevaa meno. Mtu mwenye hasira hasemi habari za meno. Mwenye hasira angekuambia uishushe. Huyu alikuwa anaikagua, kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake: kazi nzuri, ila ubao mmoja haujapigwa randa. Wazee wa rika letu, sijui kama Narumi wako alikuambia, siku hizi picha ya msibani tunaipiga mapema, tungali wazima, ili tusije tukatundikwa na watoto wetu kwa picha ya leseni. Yangu iko kwenye droo. Nimeipiga mara mbili, kwa sababu ya kwanza nywele zilinisaliti.

Halafu kumbuka kile kipicha kibaya kuliko vyote. Wewe uliona ukungu tu. Mimi nimemwona mwanamume ambaye mkewe alifariki kukawa hamna hata picha moja ya maana, wakatafuta kwenye maboksi, wakapata moja, wakaikata, wakaikuza mpaka sura ikapotea, na kila asubuhi anaiwashia udi. Mtu wa namna hiyo akijiona ukutani, mkubwa, kila kunyanzi lake limetoka safi, unadhani anawaza nini? Anawaza kwamba jirani yake anajua kazi hiyo. Na anaona haya kukuomba. Utamwambiaje kijana wa watu, njoo unipige picha ya kufia? Basi anafanya anachoweza. Anapaka nywele mafuta, anavaa, anasimama getini saa ile anayojua unatoka, anasubiri umwulize, "Mzee, leo kuna nini?" Na wewe unainama na kuingia kwenye gari.

Ubao wa matangazo anauacha getini kwa sababu redio inazimika akikaribia. Masikio yake ni mazima, wewe ndiye uliyemwambia hutaki wageni. Figili hazijaja kwa sababu hiyo hiyo. Na theluji ameifagia mpaka mpakani, kijana. Mtu asiyekutaka hafagii mpaka kwako.

Naweza kuwa nimekosea. Nimeshakosea kwenye safu hii mara nyingi na barua za kunitukana ninazo. Lakini nikiwa nimekosea utapoteza boksi moja la keki utakazompelekea, na nikiwa sahihi ukahama, utakuja kurudi Noshiro siku ambayo fremu nyeusi itakuwa mahali pake, na ndani yake kipicha cha leseni. Hilo utaishi nalo.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie dalali umwambie hapana. Kisha nenda kwa Mzee, na uende leo hii, usingoje Jumamosi, kwa maana gazeti hili linafika mlangoni kwake saa kumi na mbili asubuhi na ukichelewa atakuwa ameshakusoma. Chukua boksi la keki za duka la hapo hapo mjini, zile laini asizohitaji kutafuna sana, na ole wako upeleke maua. Omba msamaha mara moja, kwa sentensi fupi, uinamie chini, unyamaze. Usimweleze habari za fremu za Denmaki, hakuna aliyekuuliza. Kamera itoe kwenye boksi uiweke kwenye mkoba, karibu na goti, isionekane. Akitaja picha ya kucheka, itoe kwenye ile fremu mbele yake, umpe mkononi, iwe yake. Umwulize kama angependa nyingine.

Akikaa amenyooka na suti yake na meno yake, mpige hiyo kwa heshima zote, hata kama itakuwa imekakamaa kama ubao, ndiyo anayoitaka. Halafu mwambie umemaliza, ulegeze mikono, ujigonge kichwa tena kama italazimu, na umpige ya pili. Atachagua mwenyewe ipi iende wapi.

Baada ya hapo pita kwa Bibi Kudo. Alimlilia mtu aliye hai mbele ya watu, na hakuna aliyemwomba radhi. Yeye naye hana picha, nakuhakikishia, na wewe una filamu.

Na kabla hujatoka kwa Mzee, kaa mbele ya madhabahu ya Mama Fusa, choma udi, kisha mwulize kama ile picha nzima bado ipo, ile iliyokatwa. Seremala hatupi mabaki. Ikiwepo, iazime, ipeleke kwenye hilo kabati lako linalonuka dawa, uisafishe upya bila kuikata popote. Ila mwulize kwanza lile bega ni la nani. Mimi nadhani najua. Wewe mwache aseme mwenyewe.

Na wewe, Mzee mwenye tai nyeupe, najua chai yako iko mkononi na miwani iko puani. Hapo jirani kuna kengele mlangoni, ungeweza kuibonyeza tangu wiki iliyopita ukatuokoa sote. Lakini sasa kaa ndani, anakuja. Weka maji ya chai ya watu wawili, kata figili moja, na safari hii vaa meno.